Kuhudumu kiangazi kizima kwenye kituo cha mafungo

Kabla hujajaza fomu yoyote, liweke sawa jambo moja: anayekwenda kuhudumu hayuko kwenye mafungo. Mgeni anakuja kunyamaza, kusali, kutafakari na kulala mapema. Wewe unakwenda ili akute maji ya moto, shuka safi, chakula kwa wakati na korido tulivu. Wengi wanaokata tamaa katikati ya msimu kazi wanaiweza vizuri tu. Kinachowaangusha ni kwamba walifika wamechoka na maisha, wakitafuta pa kupumzikia, wakakabidhiwa sufuria ya lita 40. Sala utaipata na ukimya utaupata, ila vitakujia ukiwa na mwiko mkononi.

Hilo ni la tangu zamani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inamtaka mtunza ghala wa monasteri avione vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Dogen, mwalimu wa Zen (tawi la Ubuddha) wa Japani, mwaka 1237 aliwaandikia wapishi wa monasteri maelekezo hadi ya kuchambua mchanga kwenye mchele bila kupoteza punje. Mapokeo mawili yaliyokulia mbali kabisa, na yote mawili yanaiona kazi ya jikoni kuwa ibada. Ndiyo maana hapa tutaingia kwenye gramu, dakika na vitasa vya milango.

## Kuchagua kituo

Jina "kituo cha mafungo" linabeba nyumba zisizofanana hata kidogo. Taizé, jumuiya ya watawa wa Kikristo nchini Ufaransa ambayo Ndugu Roger aliianza mwaka 1940, hupokea vijana wengi sana majira ya joto. Kuna sala tatu kwa siku, kazi hufanywa kwa vikundi, na kuna nyimbo na mazungumzo mengi. Kwenye vituo vya Vipassana, tafakuri yenye asili ya Kibuddha, vya mapokeo ya mwalimu S. N. Goenka, kengele hulia saa 10 alfajiri, wageni hawazungumzi kwa siku nyingi za kozi ya siku 10, na huwezi kuhudumu kabla hujamaliza kozi kama hiyo wewe mwenyewe. Mhudumu wa huko huketi kutafakari na wengine mara tatu kwa siku, kisha hurudi jikoni. Jumuiya ya Kikristo ya Iona ya Uskoti, aliyoiasisi George MacLeod mwaka 1938, ina sura nyingine tena: ibada, ukarimu, na kujali haki katika jamii.

Basi usichague kwa picha za mandhari. Chagua kwa ratiba. Omba ratiba ya siku moja ya mhudumu, kuanzia kuamka hadi kulala, na ujiulize kama unaweza kuiishi siku ya 40. Siku ya kwanza kila mtu anaiweza.

Katika barua yako ya kwanza uliza haya bila aibu, maana kituo kizuri hujibu yote:

- Saa za kazi kwa wiki ni ngapi, na je, muda wa sala ya pamoja unahesabiwa ndani yake? Saa 30 hadi 35 zinabebeka msimu mzima. Zikifika 45, maisha yako ya sala ndiyo yatakayokatwa kwanza.
- Siku za mapumziko ni ngapi, na zinafuatana? Siku moja kamili bila zamu yoyote ni kima cha chini.
- Nalala wapi, na wangapi chumbani? Wahudumu mara nyingi huhamishwa wageni wakijaa. Uliza kama hilo hutokea.
- Kuna posho? Nauli ni ya nani? Nikiugua, nani anagharamia?
- Nikiwa na malalamiko dhidi ya kiongozi, nayapeleka kwa nani aliye nje ya mamlaka yake?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Kituo kisichokuwa na jibu lake hakijawahi kulifikiria, na hapo ni heri kuendelea kutafuta.

Kwa msimu wa Juni hadi Agosti katika nchi za kaskazini, anza kuandika Januari. Nafasi za jikoni hubaki wazi hadi mwisho kwa sababu watu wanazikwepa, wakati za bustani na mapokezi hujaa mapema. Ukijitaja kuwa uko tayari kwa jikoni, uwezekano wako wa kupokelewa unapanda sana.

## Karatasi, bima na mzigo

Neno "kujitolea" limewaingiza wengi matatani uwanja wa ndege. Nchi nyingi huweza kuhesabu chakula na malazi kuwa malipo, kwa hiyo visa ya matembezi inaweza isitoshe hata kama hupokei senti. Uingereza, kwa mfano, humruhusu mgeni mwenye visa ya kawaida kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Zile siku 90 ndani ya 180 za eneo la Schengen ni ukomo wa kukaa, na wala hazikupi ruhusa ya kufanya kazi. Kiombe kituo barua inayotaja kazi, saa, tarehe, malazi na anayelipia kila kitu, kisha ipeleke ubalozini ilivyo. Ukiambiwa "sema tu unakuja kutalii", anayeachiwa hatari ni wewe.

Hati ya tabia njema ya polisi iombe mapema, hasa kituo kikipokea watoto, kwa kuwa huchukua wiki kadhaa. Bima isome hadi maandishi madogo: bima nyingi za safari hazilipi majeraha ya kazini, na kisu cha jikoni na ngazi ya bustani ni kazi. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Dawa zako beba za msimu mzima na wiki mbili za ziada, pamoja na cheti cha daktari. Kama unatumia dawa za afya ya akili, usiziache kwa sababu unakwenda mahali pa sala. Iandike hali yako kwenye fomu waziwazi. Ukimya mrefu na usingizi pungufu huamsha mambo yaliyolala, na anayejua anaweza kukupangia zamu kwa busara.

Mzigo uwe mdogo. Viatu jozi mbili: vya jikoni, vilivyofunika vidole na visivyoteleza, na vya ndani vyenye soli laini isiyolia sakafuni. Nguo zisiwe za kitambaa kinachochakacha unapotembea. Koti la mvua la nailoni husikika ukumbi mzima. Saa ya mkononi isiyo na mlio, kwa sababu simu utaiweka mbali. Tochi ndogo, plagi za masikio, chupa ya maji, daftari la kuingia mfukoni. Manukato yaache nyumbani: mtu aliyekaa kimya siku nne huinusa harufu kwa nguvu ambayo hujawahi kuifikiria, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa.

## Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza zunguka eneo lote na mwenyeji ukiwa na daftari. Chora ramani yako mwenyewe, utie alama valvu kuu ya maji, swichi kuu ya umeme, mitungi ya kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza na mahali pa kukusanyikia moto ukizuka. Usiku wake rudia njia ile ile kwa tochi. Bomba litapasuka saa 8 usiku, na saa hiyo wageni 60 wamelala na hakuna wa kumuuliza kwa sauti.

Kila kazi mpya ifuate mpangilio huu: zamu moja unamtazama anayeijua, zamu ya pili mnafanya pamoja, ya tatu unafanya yeye akitazama. Wanaoruka hatua ya kwanza huleta mazoea ya nyumbani kwao, na jumuiya hutumia wiki tatu kuyarekebisha. Kama kuna njia bora unayoijua, iandike na uitunze hadi wiki ya tatu. Kufikia hapo nusu ya mapendekezo yako utakuwa umeshaelewa kwa nini hayafanyiki.

## Jikoni

Hapa ndipo mafungo ya watu hujengwa au kubomoka. Mgeni aliyenyimwa mazungumzo, simu na kitabu amebaki na sahani yake, na huila kwa makini ambayo wapishi wengi hawajawahi kutazamwa nayo.

Anza na vipimo. Wali wa kando, gramu 80 za mchele mkavu kwa mtu. Kwa watu 60 ni kilo 4.8, sema 5. Maharage makavu, gramu 70 kwa mtu, yaani kilo 4.2. Makosa ya kwanza ya anayepikia wengi ni kuzidisha kila kitu kwa idadi ile ile. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kuliko ndogo, kwa hiyo wali unaopikwa nyumbani kwa vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, hapa huanza na kimoja na nusu. Ukizidisha, chini patakuwa ukoko na juu uji. Chumvi na viungo vikali weka theluthi mbili ya hesabu, onja, kisha ongeza. Chumvi iliyozidi katika lita 40 haina dawa.

Maharage mekundu yanahitaji sehemu yake peke yake. Mabichi yana sumu inayoitwa lektini, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu. Yaloweke saa 8 hadi 12, yamwage maji ya kulowekea, kisha yachemshe kwa moto mkali. Dakika 10 za kutokota kwa nguvu ni kima cha chini, 30 ni salama zaidi. Baada ya hapo punguza moto hadi yaive. Hatari iko kwenye sufuria za umeme za kupikia polepole: hupasha bila kufikia mchemko, na joto hilo la chini linaweza kuifanya sumu iwe kali zaidi. Wapishi wa mafungo huzipenda kwa kuwa hazina kelele. Kwa maharage mekundu, zikatae.

Adui wa pili ni chakula kilichobaki. Bakteria huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chakula kiive hadi nyuzi 75 katikati, na uwe na kipimajoto cha kuchoma. Usikisie kwa mvuke. Cha kuhifadhi kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria nzima ya supu ukiiingiza kwenye friji usiku, asubuhi utaikuta katikati bado vuguvugu, na umeipasha joto friji nzima pamoja na maziwa. Imwage kwenye trei pana zisizozidi kina cha sentimita 5, zitie juu ya barafu, koroga mara kwa mara, zifunike zikishapoa. Bandika karatasi: jina la chakula, tarehe, saa. Wali ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu watu hudhani hauharibiki. Mbegu za bakteria wake hupona mchemko, na sumu inayotengenezwa wali ukikaa nje haiondoki hata ukiupasha upya.

Orodha ya mizio iwe ukutani kwa maandishi makubwa: jina la mgeni, namba ya chumba, asichokula, na kama ni cha kuhatarisha maisha au ni uchaguzi tu. Chakula cha mwenye mzio pika kwanza, kwa ubao, kisu na mwiko vilivyotengwa, kifunike na ukiandike jina. Kwenye mafungo ya ukimya mgeni hawezi kuuliza "hii ina karanga?", kwa hiyo kila sufuria mezani iwe na kadi inayotaja viungo vyote. Kadi iliyokosewa ni mbaya kuliko kadi isiyokuwapo. Anayebadilisha kiungo abadilishe kadi kabla ya kuwasha jiko.

Halafu kuna jambo dogo ambalo Benedikto aliliona miaka 1,500 iliyopita. Sura ya 35 ya Kanuni yake inaagiza wahudumu wa wiki wapewe kinywaji na mkate saa moja kabla ya mlo, ili wawahudumie ndugu zao bila manung'uniko. Kula kabla ya kupakua. Mhudumu mwenye njaa hupakua kwa hasira, na hasira hiyo mgeni huiona kwenye upawa.

## Vyumba na kufua

Kila kitanda kiwe na shuka seti tatu: moja kitandani, moja kwenye kufua, moja kabatini. Kikiwa na mbili, siku mashine itakapoharibika hakuna mgeni mpya atakayelala. Watu wawili waliozoeana humaliza chumba kwa dakika 25. Fuata mpangilio huu kila mara:

1. Fungua madirisha.
2. Vua shuka kwa kuzikunja kuelekea ndani. Usizikung'ute, zinatawanya vumbi na chochote kilichomo.
3. Inua kona za godoro, pitisha tochi kwenye mishono. Vidoa vidogo vyeusi kama vya kalamu ni dalili ya kunguni. Ukiviona, usihamishe kitu. Funga chumba na umwite msimamizi, maana shuka moja ikibebwa begani koridoni inaweza kueneza tatizo nyumba nzima.
4. Nyunyiza dawa chooni na bafuni, iache dakika 10 ifanye kazi wakati unatandika.
5. Tandika kitanda.
6. Futa vumbi kutoka juu kwenda chini, ukikagua droo na chini ya kitanda kwa vitu vilivyosahauliwa.
7. Safisha bafu, choo kiwe cha mwisho, kwa kitambaa cha rangi yake kisichogusa kitu kingine.
8. Piga deki ukirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Kona ya kitanda ina ufundi wake. Chomeka shuka ya juu upande wa miguuni kwanza. Shika ukingo wake wa pembeni, kama sentimita 40 kutoka kwenye kona, uinue na kuulaza juu ya godoro hadi upate pembetatu. Kipande kinachoning'inia chini kisukume chini ya godoro kwa kiganja kilichonyooka, ushushe ile pembetatu, nayo uichomeke. Kona iliyofungwa hivi haichomoki usiku. Mgeni anayelala vibaya usiku wa kwanza hupoteza siku ya kwanza yote ya mafungo, na mara nyingi chanzo ni shuka iliyojikunja chini ya mgongo.

Mwisho wa yote kaa kwenye kiti cha mgeni kwa sekunde 10. Utaona balbu iliyoungua, buibui juu ya pazia, na harufu ambayo ukiwa umesimama hukuisikia.

## Ukimya na kengele

Kufanya kazi kimya ni stadi ya mikono. Mlango: bonyeza mkono wa kitasa hadi chini kabla mlango haujafika kwenye fremu, ulete hadi ukae, halafu uachie mkono taratibu hadi ulimi wa kitasa uingie tunduni. Ukiufunga kwa kuusukuma, wanaotafakari upande wa pili wanakusikia wote. Trei ya vijiko itandike kitambaa. Viti viinue, usiviburute, na miguu yake ibandike vipande vya kitambaa kizito. Ndoo ya deki iweke chini kwa mikono miwili. Jikoni mkubaliane ishara chache: mkono juu ya jiko maana yake "ni moto", vidole viwili maana yake "nyuma yako". La usalama lisemwe kwa sauti hata kama ni saa za kunyamaza kabisa. Anayepita nyuma ya mtu mwenye kisu aseme.

Kwa mgeni, zungumza pale tu inapolazimu: sentensi fupi, sauti ya chini, bila kumvuta kwenye maongezi. Wala usimtafute kwa macho ili kumwonyesha ukarimu. Kwa watu wengi kuachwa wapite bila kusalimiwa ni pumziko, ingawa kwa aliyekulia kwenye salamu nyingi linachukua wiki nzima kuzoeleka.

Kengele mpe mtu asiyeyumba. Apewe saa mbili, ya mkononi na ya mezani, zote zimelinganishwa na saa ya ukumbi, na awepo msaidizi anayeamka pamoja naye. Kengele ikichelewa dakika 4, mwalimu anachelewa, sala inasogea, uji unapoa, na zamu ya kuosha vyombo inaingia kwenye muda wa kupumzika. Kwa kengele ya mkononi, ianze kwa mguso hafifu wa kumtayarisha msikilizaji, kisha pigo kamili, na uache mlio uishe wenyewe kabla ya jingine. Tembea koridoni kwa mwendo mmoja. Usisimame mbele ya mlango wa mtu, hata unayejua hajaamka. Atahisi umemlenga yeye.

## Mgeni anapoyumba

Siku ya pili na ya tatu ya ukimya huwa nzito. Maumivu ya kichwa mara nyingi ni kahawa tu: aliyeizoea huanza kuumwa saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Machozi ukumbini pia ni ya kawaida, yaache yatoke. Mtu akilia karibu nawe, weka leso na maji karibu yake, kisha rudi kwenye kazi yako bila kwenda mbali.

Dalili zinazohitaji hatua ni hizi: hajalala usiku mbili mfululizo, ameacha kula kabisa, maneno yake hayashikani, anasikia sauti, ana hofu isiyotulia, au anataja kufa. Kaa kando yake, pa wazi, usijifungie naye chumbani. Muulize kwa maneno ya kawaida kinachoendelea. Ukihisi anafikiria kujiua, muulize moja kwa moja. Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango wa kusema. Usimwambie kwamba ni hatua ya kiroho, wala kwamba ajikaze. Usimwahidi siri. Mwite mratibu, na kama maisha yako hatarini piga namba ya dharura kwanza. Asiachwe peke yake hadi msaada ufike. Baadaye andika ulichoona na ulichosikia, pamoja na saa, bila kuongeza maoni yako.

## Tumbo likiingia nyumbani

Ugonjwa wa kutapika na kuhara ukiingia kwenye nyumba yenye vyoo vya pamoja husambaa kwa siku mbili. Jeli ya mikono yenye spiriti hairidhishi dhidi ya norovirusi, virusi ambavyo mara nyingi ndivyo chanzo chake. Sabuni na maji kwa sekunde 20 ndiyo kinga. Matapishi yafunike kwa karatasi za kufyonza, yamwagie jiki ya asilimia 5 iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, iache dakika 10, kisha zoa ukiwa na glavu na barakoa, weka kwenye mifuko miwili. Dirisha liwe wazi. Jiki isikutane kamwe na dawa nyingine ya choo, maana ikichanganywa na asidi au amonia hutoa gesi ya sumu. Shuka zifuliwe peke yake kwa nyuzi 60 au zaidi.

Mhudumu aliyeugua asiguse jikoni hadi zipite saa 48 tangu dalili ya mwisho. Hapa ndipo watu wema huharibu: anajisikia nafuu, anaona wenzake wamelemewa, anarudi baada ya saa 12 kukata mboga. Jumatatu wageni 20 wako kitandani. Upendo kwa wenzako siku hiyo ni kulala.

## Kujilinda wewe mwenyewe

Chagua kipindi kimoja cha sala au tafakuri kila siku ambacho hakiguswi na zamu, kiandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine. Cha "nikipata nafasi" hakifiki wiki ya pili. Lala mchana dakika 20 siku za kuamka alfajiri. Siku yako ya mapumziko toka nje ya eneo, hata kwa matembezi tu, kwa sababu ukibaki ndani utaombwa "dakika tano tu" na utarudi saa tatu baadaye.

Karibu na wiki ya nne mivutano huanza, na karibu kila mara huanzia kwenye vitu vidogo: nani anaacha sponji kwenye sinki, nani hufika akiwa wa mwisho. Mwambie mhusika ndani ya saa 24, mkiwa wawili, kwa kutaja tendo moja. Likikaa wiki linageuka tabia yake yote. Mapenzi na mgeni, katika kipindi cha mafungo yake, ni mwiko bila mjadala. Yeye yuko wazi na dhaifu kuliko alivyo nyumbani, na wewe unashika funguo za nyumba.

Kuna dalili ambazo ukiziona unapaswa kuondoka, tena kwa haraka. Pasipoti yako imeshikwa "kwa usalama". Uchovu wako unaitwa upungufu wa imani. Simu kwa familia inazuiwa au inasikilizwa. Kiongozi hukutana na vijana peke yake usiku na wote wanajua, hakuna anayesema. Malalamiko yanajibiwa kwa mafundisho ya utii. Nidhamu ya kiroho ya kweli ina makali yake, lakini mlango wa kutokea huwa wazi muda wote. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uwe na nauli ya kurudi mahali unapoweza kuifikia wewe, pasipoti mfukoni mwako, na mtu mmoja nje anayetegemea ujumbe wako kila wiki.

## Wiki ya mwisho

Anza makabidhiano siku saba kabla. Andika kurasa mbili kwa anayekuja: bomba lipi linavuja, jiko lipi haliwaki bila kiberiti, muuzaji yupi huleta siku ipi, mgeni gani wa kudumu anahitaji chumba cha chini. Fanya naye zamu zile tatu ulizofanyiwa wewe. Ile sura ya 35 inamtaka anayemaliza wiki yake jikoni afue taulo za wote na kurudisha vyombo vikiwa safi na vizima. Mtunza ghala naye humkabidhi anayeingia, ili ijulikane kilichotolewa na kilichopokewa. Hesabu visu pamoja naye, hesabu funguo, mwonyeshe valvu kuu ya maji gizani, halafu mpe tochi.